Tulianika pedi za kitambaa kwenye kamba, mchana kweupe: yaliyotokea kwenye warsha zetu Mkuranga

Fundi wa Mkuranga (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mimi ni fundi cherehani, Mkuranga, mkoa wa Pwani. Wiki iliyopita mzazi mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kwa nini namfundisha mwanawe wa kiume kushona pedi. Yeye alikuwa na hasira, mimi nilikuwa na haraka, nikamjibu maneno mawili nikaenda zangu. Usiku sikulala vizuri. Swali lake lilistahili jibu refu, na jibu lenyewe ni hili.

Mwaka 2018 serikali ilifuta VAT kwenye taulo za kike. Nina mabinti watatu, kwa hiyo nilishangilia kwelikweli. Nikaenda dukani, bei ileile. Nikangoja miezi, bei ileile. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, na sababu iliyotolewa ni hiyo hiyo, kwamba bei haikushuka na mtumiaji hakuona faida. Niliumia sana. Nikaanza kuchukua vipande vinavyobaki mezani kwangu, flana na mataulo, nikawa nashona pedi za kufua na kuwagawia mabinti wa jirani. Nilidhani shida ni kitambaa.

Binti mmoja wa darasa la sita ndiye aliyenifumbua macho. Nilimpa pedi nne. Siku zake zilipofika hakwenda shule, kama kawaida yake. Nikamuuliza, mbona pedi nimekupa? Akasema, "Ninazo mama. Lakini nikinyanyuka na begi kwenda chooni wavulana wote wanajua." Kisha akaniambia la pili, kwa sauti ndogo zaidi: zile pedi anazifua usiku na kuzikausha chini ya godoro. Nilikwenda kuziangalia. Zilikuwa zimeota ukungu.

Pedi ya kitambaa inataka kulowekwa kwenye maji baridi, kufuliwa kwa sabuni, kusuuzwa vizuri, kisha jua kali. Jua ndilo dawa yake. Binti anayeikausha chini ya godoro anavaa unyevu na fangasi, na sisi tunaomzunguka ndio tunaomfanya aifiche huko. Siku ile niliacha kuamini kwamba aibu hukaa moyoni tu. Niliishika mkononi, ina harufu.

Nikamfuata mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyekuwa matroni kwa miaka mingi. Nilitaka aje atoe mada. Akakataa. Alisema mada za hedhi amezitoa tangu ujana wake. Wasichana huinamisha vichwa, wavulana hucheka, wakitoka nje kila mtu yuko alipokuwa. Akanisimulia kuhusu Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa miongoni mwa waasisi. Wasichana wa sekondari walitaja wenyewe yanayowakwaza, wakayatungia michezo, wakaigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha wote wakajadili nini kifanyike. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, likaupeleka nchi nyingine za Afrika. "Mtoto ukimpa mada anasikiliza," aliniambia, "ukimpa kazi ya mikono anasema."

Basi tukaanza, likizo ya Juni, chini ya mwembe nyuma ya kibanda changu. Wasichana tisa, mimi na yeye.

Siku ya kwanza ilikuwa shanga. Mnaijua ile bangili ya Siku ya Hedhi Duniani? Siku hiyo huadhimishwa tarehe 28 Mei tangu 2014: 28 kwa mzunguko wa siku 28, na Mei kwa kuwa ni mwezi wa tano, siku tano za kutoka damu. Bangili ina shanga 28, tano nyekundu. Sisi hatukuwaambia wapige 28. Tuliwapa bakuli la shanga na kalenda, kila mmoja atunge mzunguko wake mwenyewe. Mmoja akatoka na 24, mwingine 33, mwingine akasema wake haushikiki, mwezi huu hivi na mwezi ule vile. Wakaanza kulinganisha. Hakuna aliyeinamisha kichwa, maana vichwa vilikuwa vimeinamia shanga tangu mwanzo, na midomo ilikuwa huru. Kwa wanaoanza kuvunja ungo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Tuliwaambia hilo baada ya wao wenyewe kuuliza.

Katika kulinganisha tukaona bangili moja yenye shanga nyekundu kumi na moja. Mwenyewe hakuwa na habari kwamba ni nyingi. Alikuwa hivyo tangu aanze, na alidhani wanawake wote tuko hivyo. Damu ikizidi siku saba, au pedi ikilowa kabisa kila saa moja au mbili, huyo anatakiwa kuonwa na daktari. Mama yake alimpeleka zahanati, akakutwa na upungufu mkubwa wa damu. Angekaa kwenye mada ya saa nzima asingenyoosha mkono kusema hilo. Shanga zilisema kwa niaba yake.

Siku nyingine tulifinyanga mfuko wa uzazi kwa udongo. Ukubwa wake karibu na ngumi ya mwenyewe, hilo liliwashangaza wote. Kisha tukashona pedi: flana inayogusa mwili, taulo katikati, mabawa mawili, kifungo cha kubonyeza chini.

Na ile Jumamosi ya mwisho tukazifua zote, tukafunga kamba kutoka mwembe hadi nguzo ya kibanda, tukazianika. Saa tano asubuhi, barabara iko hatua kumi. Bodaboda wanapita, wamama wanatoka sokoni wanapita. Mabinti walisimama kwenye kivuli wakiangalia kama watu wanaongoja kitu kianguke. Hakikuanguka kitu. Mama mmoja muuza mihogo alisimama, akatazama, akauliza, "Mnaziuzaje?"

Nitaendelea kuhusu wavulana, ngoja nimalizie sare ya mtu.

Kijana wa Mbagala

Dada, ya wasichana nimekuelewa na nakupongeza. Wavulana ndipo ninaposita. Mimi nimekuwa mvulana. Ukituweka pamoja na wasichana ukataja hedhi, tutacheka tu. Haya mambo ya kike yabaki kwa wanawake, kuna ubaya gani?

Nyakanga Mstaafu

Mwanangu fundi, marahaba. Mimi ni Mzaramo, nyakanga, yaani kungwi wa unyago, nimewacheza wanawali wengi kabla miguu haijakataa. Nimesoma maneno yako mpaka mwisho na yapo yaliyonifurahisha. Lakini hilo la kamba limenichoma, nami nitakwambia kwa nini.

Ninyi wa siku hizi mkiona jambo halisemwi hadharani mnasema ni aibu. Unyago haukuwa aibu. Binti akivunja ungo kwetu ilikuwa furaha. Bibi au somo wake ndiye anayeambiwa, akamweka ndani, akapewa mwana hiti, yule mwanasesere wa mti, amwogeshe na kumpaka mafuta kama mtoto wake. Tukafundisha kwa ngoma na nyimbo, kwa mafumbo na vinyago, na siku ya kumtoa akapelekwa chini ya mti wa mkole akachezwa. Hizo shanga zako na udongo wako, mwanangu, sisi tulikuwa navyo. Marehemu Bi Kidude kule Unguja, aliyefariki 2013, alipiga ngoma za unyago mpaka uzeeni, na watu wakamheshimu dunia nzima.

Tulikuwa na shanga nyekundu za kiunoni. Mke akiwa mwezini anazivaa au anaziweka kitandani, mume akiziona ameelewa, na hakuna neno lililotamkwa. Hiyo ni siri ya watu wawili wanaoheshimiana. Wewe unaianika barabarani. Siri na aibu si kitu kimoja, na ukizichanganya unaweza kuwavua mabinti nguo ukidhani unawavua aibu.

Fundi wa Mkuranga

Shikamoo bibi. Maneno yako nimeyasoma mara tatu na nimemsomea mwalimu wangu. Nakubali kosa moja waziwazi: siku ile ya kamba sikumuuliza kila binti kama anataka pedi yake ianikwe. Niliona ushujaa wangu, sikuona wao. Mmoja alikuja kuniambia baadaye kwamba yeye angependa kuianika kwao, juani, lakini uani. Hiyo ni haki yake. Binti wa uani na binti wa chini ya godoro hawako sawa: wa kwanza amechagua, wa pili anaogopa. Tangu siku hiyo tunauliza, na tunatenga Jumamosi moja ya wasichana peke yao, mlango umefungwa. Tutashukuru ukija kutuimbia, bibi. Tutakutumia bodaboda.

Lakini lipo nisilokubaliana nawe, na nalisema kwa adabu. Mwali wako alifundishwa awe mke. Binti huyu wangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, mwezini au si mwezini anatakiwa awe darasani saa moja na nusu. Siri yake haibaki kwa bibi yake tu. Kila siku anakaa benchi moja na wavulana ambao hakuna aliyewaambia kitu. Wao wanajaza pengo kwa wanayoyasikia: kwamba mwanamke akiwa mwezini akiingia kwenye bustani mboga zinanyauka, kwamba asitie chumvi kwenye chakula. Siri yako ilikuwa na mlinzi, bibi. Shuleni haina.

Na hapo ndipo ninapokujibu wewe, mdogo wangu wa Mbagala. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Mara ya kwanza tuliwachanganya wavulana na wasichana bila maandalizi. Dakika kumi haikufika, mmoja akasema neno, wote wakaangua kicheko, na binti mmoja akatoka mbio. Ilinichukua wiki tatu kumrudisha. Kosa lilikuwa langu.

Mara ya pili wavulana walikaa peke yao Jumamosi mbili, na fundi seremala mwenye mabinti watatu, mtu wanayemheshimu kwa sababu anawatengenezea magongo ya kuchezea. Akawafinyangisha udongo. Akawaambia damu inayotoka mzunguko mmoja kwa kawaida ni kama vijiko viwili vitatu vikubwa vya chakula, wakabisha, wakapima maji. Akawaachia wacheke mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Jumamosi ya tatu ndipo tukawakutanisha na wasichana, na tukawapa igizo la darasani: binti amechafua sketi.

Tulifuata njia aliyoianzisha Augusto Boal wa Brazili: igizo linachezwa hadi linapoharibika, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama", akaingia kuchukua nafasi ya mhusika ajaribu kubadili mwisho. Mvulana wa kwanza aliingia, akavua sweta akampa msichana ajifunge kiunoni. Watu wakapiga makofi. Mimi pia. Lakini binti aliyekuwa akiigiza akakataa sweta. Akasema, bado akiwa ndani ya igizo, "Kila mtu akiona sweta kiunoni anajua. Mimi sitaki sweta, nataka msinitazame."

Kimya. Kisha mvulana mwingine, mpole, hata jina lake mara nyingi tunalisahau, akaingia. Akaenda mbele ya darasa, akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao huku akimuuliza mwalimu swali la hesabu kwa sauti kubwa, swali refu lisilo na kichwa wala miguu. Darasa lote likageukia ubao. Binti akatoka.

Huyo ndiye mtoto ambaye mzazi wake alinisimamisha njiani.

Kijana wa Mbagala

Nimesoma. Nafuta kauli yangu.

Dada wa Kericho

Hamjambo kutoka Kenya. Nataka kuongeza la kwetu, kwa sababu watu wengi hudhani sheria ikipatikana shida imekwisha.

Kenya iliondoa VAT kwenye sodo tangu 2004. Juni 2017 ikapitishwa sheria kwamba kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, jirani zetu hapa, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Alikuwa amechafua sare darasani. Mama yake alisema mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Wazazi waliandamana hadi shuleni. Mimi nina binti, na kila nikikumbuka siku ile siwezi kumaliza chai.

Sodo zingefika au zisingefika, neno lile lingetamkwa. Ndiyo maana naunga mkono igizo la fundi, lakini naomba mumtie mwalimu ndani ya igizo pia. Mpe mwalimu nafasi ya kuigiza mwanafunzi. Tulifanya hivyo katika kikundi chetu cha akina mama na walimu wawili walilia.

Na si watoto tu. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitolewa katika ukumbi wa Seneti kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa. Seneta, mtu mzima. Fikirieni wa darasa la sita.

Ustadh wa Tanga

Assalaam alaykum. Nafundisha madrasa, na nimeshuhudia binti anakatazwa hata kupitisha chombo mezani akiwa na hedhi, eti ni dini. Swala na saumu kaondolewa katika siku hizo, hilo liko wazi. Lakini Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiegemea mapajani pake na kusoma Qur'ani ilhali yeye yuko katika hedhi. Na alipomwambia ampe mkeka kutoka msikitini, akajibu kwamba yuko katika hedhi, aliambiwa kuwa hedhi yake haimo mkononi mwake. Imepokewa katika Sahihi Muslim. Mwili wa mwanamke si najisi. Nimeanza kuisoma hadithi hii mbele ya wavulana wangu, wanyamaze waielewe.

Fundi, ukipita Tanga niambie. Tuna ukumbi.

Baba Binti Mmoja

Naomba msaada, wala sioni haya kuuliza hapa. Mke wangu alifariki miaka mitano iliyopita. Binti yangu anatimiza miaka 11. Dada zangu wako mbali. Nimesoma uzi wote na bado sijui nianzie wapi. Nimwambie? Nimnunulie kitu nikiweke kabatini kimya kimya? Naogopa kumtia hofu, na naogopa zaidi siku hiyo ikimkuta shuleni akadhani anakufa.

Dada wa Kericho

Pole sana kwa msiba, kaka. Mwambie kabla. Miaka 11 si mapema. Usiseme jambo lote siku moja.

Nyakanga Mstaafu

Mwanangu, pole. Baba kumwambia binti yake, kwetu haikuwako. Lakini mama yake hayupo, na mtoto hangoji desturi. Mkae mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchele au mnamenya njegere, macho yenu yawe chini wote wawili. Mwambie siku moja ataona damu, haumwi, hajakosea, na aje kwako. Kisha mtafutie mwanamke mmoja tu wa kuaminika awe somo wake. Kama uko Dar nitumie ujumbe, nami ningali na nguvu ya kukaa na mtoto.

Fundi wa Mkuranga

Bibi ameshasema. Mimi naongeza vya mkononi tu: kifuko kidogo cha kitambaa kwenye begi la shule, ndani pedi mbili, chupi ya akiba, na mfuko wa kuwekea iliyochafuka. Abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Tumbo likimsumbua, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga husaidia. Likimlaza kitandani kila mwezi asiweze kusimama, mpeleke hospitali, usikubali aambiwe avumilie kwa kuwa ni mwanamke.

Baba Binti Mmoja (siku nne baadaye)

Nimerudi kuwashukuru. Juzi tulichambua mchele. Nilianza kusema, nikakwama katikati ya sentensi ya pili. Akanitazama, akasema, "Baba, najua. Rafiki yangu ameshaanza. Nilikuwa sijui kama wewe unajua." Tukacheka, kisha nikaenda nje kidogo.

Kifuko tumekishona pamoja, mishono yangu imepinda lakini amekikubali. Sasa anataka bangili ya shanga kama ile ya kwenye uzi, aanze kuhesabu siku itakapofika. Tuko Dar. Shanga nzuri nitazipata wapi, na nitungie uzi gani?

Fundi wa Mkuranga

Kariakoo, kaka, wauza shanga ni wengi, nenda asubuhi kabla ya jua kali. Chukua zenye tundu kubwa kidogo, vidole vyake visichoke. Rangi achague mwenyewe, nyekundu nunua za ziada maana hajui atahitaji ngapi. Usitumie uzi wa cherehani, utakatika. Ulizia mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba.